Kununua lethi iliyotumika ukiwa Kigoma: mwongozo kamili kwa fundi mwenye karakana ya nyumbani

Kigoma kazi ya kukereza haikosekani. Mashine za kukamua mawese zinakula bushi na shafti, vinu vya kusaga na kukoboa vinalegeza nyumba za beringi, boti za Kibirizi na Katonga zenye injini ya ndani zinapinda shafti za propela. Mwenye kipande kilichoharibika anapanga foleni kwa mafundi wachache wenye lethi, yaani mashine ya kukereza, au anakipeleka mbali na kusubiri. Ndiyo maana fundi wa kuchomelea mwenye banda na umeme haachi kuiwaza mashine yake mwenyewe. Mpya ya ukubwa wa maana ina bei ya kukatisha tamaa. Iliyotumika inapatikana, ila iliyochoka na iliyo nzima zote hupakwa rangi ileile ya kijani siku moja kabla mnunuzi hajafika.

Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue kwa nini baadhi ya mambo nayapita haraka. Kwenye lethi kuna vitu viwili ambavyo huwezi kuvinunua upya: bedi, yaani msingi mrefu wenye reli, na kichwa pamoja na spindo yake, yaani mhimili unaozungusha kipande. Vingine vyote utavitafuta, utavichonga mwenyewe au utavivumilia. Muuzaji atakuonyesha vile vingine.

Anza na kazi inayokuja mlangoni kwako

Kabla ya kumpigia dalali yeyote, andika vipimo vitatu: urefu wa shafti ndefu zaidi unayoletewa, kipenyo cha puli au gurudumu kubwa zaidi, na unene wa shafti unayotaka ipite ndani ya tundu la spindo. Hiki cha tatu watu wanakisahau, na ndicho kinachokera kila siku. Shafti ya mita moja na nusu isiyopita kwenye tundu haina pa kwenda kama bedi yako ni ya mita moja.

Kwenye ukubwa kuna mtego. Waingereza wa zamani walitaja kimo kutoka bedi hadi katikati ya spindo, Wamarekani wanataja kipenyo chote kinachoweza kuzunguka. Kwa hiyo lethi ya Kiingereza ya “inchi 5” na ya Kimarekani ya “inchi 10” zinabeba kipande kilekile. Wachina wameweka ukubwa ndani ya jina: tarakimu mbili za mwisho za C6132 zina maana ya milimita 320, na za CA6140 ni milimita 400. Lakini hicho ni kipenyo kinachopita juu ya bedi. Juu ya kareji, yaani sehemu inayobeba kisu na kutembea, nafasi ni ndogo zaidi. CA6140 ina 400 juu ya bedi, ila juu ya kareji zinabaki 210 tu. Shafti nene inapita juu ya kareji, kwa hiyo hiyo namba ndogo ndiyo ya kuuliza. Na usiuamini mdomo wala kibandiko. Nenda na futi upime.

Kwa puli kubwa za vinu, tafuta yenye pengo kwenye bedi karibu na kichwa. Kuna kipande kinachofunguliwa pale ili gurudumu kubwa lipate nafasi ya kuzunguka. Hakikisha kipande hicho kipo na kinarudi mahali pake bila kuacha ngazi. Kikiwa kimepotea, kareji inakosa njia kila unapokata karibu na chaki, kile kibanio kinachoshika kipande.

Kwa karakana ya nyumbani ya huku kwetu ningetafuta yenye milimita 300 hadi 350 juu ya bedi, urefu wa 750 hadi 1,000 kati ya ncha ya spindo na ncha ya mkia, yaani kishikizo cha upande wa pili wa bedi, na tundu la spindo lisilopungua 38. Colchester na Harrison za Uingereza ziko humo, na za Kichina za daraja hilo pia. Myford ni mashine safi sana kwa vitu vidogo, ila modeli yake ya ML7 ina inchi 3 na nusu tu toka bedi hadi katikati. Presi ya mawese itaionea. Upande wa pili kuna hiyo CA6140, karibu tani mbili na mota ya kilowati 7.5. Ni mashine ya kiwanda. Wanaoileta nyumbani kwa kuwa “bei ilikuwa nzuri” wanaishia kuisogeza mara moja tu, siku ya kuiuza.

Umri wenyewe usikutishe. Mtu wa Kigoma anaijua meli ya Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi ziwani, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito, ikaibuliwa mwaka 1924, na kufikia 1927 ikawa kazini tena. Lethi ya miaka ya 1960 iliyopakwa oili kila asubuhi naichagua mbele ya ya miaka kumi iliyokuwa ikifanya kazi jirani na grainda. Vumbi la grainda likichanganyika na oili linakuwa msasa, na msasa huo unatembea juu ya bedi kutwa.

Malizana na umeme kabla ya bei

Nyumba nyingi za Mwanga, Gungu au Ujiji zina fezi moja, volti 230. Lethi nyingi zilizotoka kiwandani zina mota ya fezi tatu, volti 380 hadi 415. Nimeona mashine nzuri ikikaa chini ya turubai kwa sababu mwenyewe aliliwaza hili baada ya lori kuondoka.

Njia ya kwanza ni kuomba fezi tatu TANESCO. Gharama inategemea uko umbali gani kutoka kwenye nguzo yenye nyaya zake, kwa hiyo nenda ofisini uombe makadirio kwanza, ndipo ujue bajeti ya mashine inabaki kiasi gani.

Njia ya pili ni kutoa mota na kufunga ya fezi moja, ya hospawa 2 au 3. Inafanya kazi, na kwa puli na belti si kazi ngumu. Angalia mzunguko kwa dakika ulingane na wa mota ya zamani, la sivyo kasi zote zilizoandikwa kwenye sahani ya mashine zitakuwa za uongo.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: inveta ya mota, kile kiboksi kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu. Mota inaanza taratibu, kasi unaipunguza kwa kitufe, na mashine inarudi nyuma bila swichi ya ziada. Lakini soma kibati cha mota kabla hujalipa. Kama kimeandikwa 230/400, mota inaweza kufungwa kwa delta, yaani nyaya zake kwa mfumo wa pembetatu, ikatumia volti 230 kutoka kwenye inveta, na mambo yataenda. Kama kimeandikwa 400/690, au 380 kwa delta, inveta ya kawaida ya fezi moja haitaipa volti inazotaka. Itazunguka kinyonge na kupata moto. Mota za kasi mbili nazo, ambazo baadhi ya Colchester wanazo, hazielewani vizuri na inveta. Hapo hesabu gharama ya mota nyingine ndani ya bei.

Jenereta siishauri kwa kazi ya kila siku. Mota ikiwashwa moja kwa moja hunyonya mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida kwa sekunde chache, kwa hiyo utalazimika kununua jenereta kubwa kuliko kazi yenyewe.

Njia yoyote utakayochagua, lethi ipate mstari wake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 4 na breka yake. Isishiriki na friji ya mama watoto.

Pa kutafuta

Dar es Salaam, Gerezani ndiyo pa kuanzia, na Mwanza usiiruke kwa sababu ni karibu zaidi na lori linarudi huku mara kwa mara. Minada ya mali chakavu za taasisi za umma hutangazwa magazetini na kwenye mbao za matangazo. Pale unauziwa kitu kilivyo, mara nyingi bila umeme wa kukijaribia, kwa hiyo toa bei ya mtu anayenunua giza. Bora kuliko zote ni karakana inayofungwa kwa sababu mzee mwenyewe amestaafu. Mashine hiyo bado imesimama mahali pake, ina umeme, na kabati la vifaa vyake liko pembeni.

VETA (vyuo vya ufundi) na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wana ofisi zao hapa Kigoma na Tabora pia. Usiende kuwauliza kama wanauza. Ulizia mkerezaji mzoefu wa kukusindikiza kwenye ukaguzi. Wazee waliokereza karakana za reli na bandarini nao bado wapo mitaani, na mmoja wao akikubali kusafiri nawe, nauli yake itakuwa pesa uliyoitumia vizuri kuliko zote katika safari hiyo.

Kwenye simu usipoteze muda na “ipo vizuri, bosi”. Omba picha ya bedi sentimita 30 za kwanza kutoka kwenye chaki, picha ya kibati cha mota, picha ya gia zote za akiba, na video ya mashine ikizunguka kwenye kila kasi. Anayekutumia picha za rangi na magurudumu tu amekujibu. Arubuni usitume kabla hujaigusa mashine kwa mkono wako.

Ukaguzi

Beba geji ya saa yenye stendi ya sumaku, maikromita ya 25 hadi 50, venia, fila geji, tochi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo, visu vyako viwili vilivyonolewa, na kipande cha shafti ya chuma laini cha milimita 40, urefu wa sentimita 30. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Oili ikishapata joto na kusambaa, kelele nyingine hazisikiki.

*Bedi.* Ifute kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane. Pitisha ukucha kwa upana wa reli, karibu na chaki, kisha rudia mwisho kabisa upande wa mkia. Kareji hufanya kazi yake nyingi karibu na chaki, kwa hiyo pale ndipo chuma kinapoliwa, na pembeni panabaki ukingo usioguswa. Ukucha ukinasa ngazi karibu na chaki na usinase kule mwisho, umeshaujua ugonjwa. Bado kuujua ukubwa wake.

Kuujua, sogeza kareji karibu na chaki, kaza gibu zake, vile vipande vya kubana ulegevu, na kufuli yake kidogo mpaka ianze kuwa nzito lakini bado inatembea. Sasa izungushe polepole kuelekea mkia. Ikigoma katikati ya njia, bedi imeliwa upande wa chaki. Ikiwa nzito kidogo tu kule mwisho, ni uzee wa kawaida na unaishi nao. Muuzaji mjanja hulegeza gibu ili kareji iteleze kote. Ndiyo sababu unazikaza wewe mwenyewe kwanza.

Makovu usiyaogope. Alama za chaki zilizodondoshwa zinaonekana vibaya machoni, ila kareji inapita juu yake bila kujali ukishazipiga jiwe la kunolea kidogo. Kinachoua usahihi ni ule mteremko laini usioonekana kwa macho. Angalia nyufa pia, hasa kwenye miguu na chini ya kichwa. Bedi ni chuma cha kusubu; mshono wa kuchomelea pale una maana mashine iliwahi kuanguka. Hapo funga begi lako.

*Spindo.* Toa chaki, safisha pua ya spindo, weka geji kwenye duara inapokaa chaki, zungusha kwa mkono. Kuyumba kwa milimita 0.01 ni kuzuri sana, 0.02 kunavumilika, 0.05 ni hapana. Kisha funga chaki tena, bana shafti yako, geji iguse pua ya spindo, na unyanyue shafti kwa nguvu ya mkono kama unapima uzito wake. Sindano ikisogea sehemu ndogo ya mia ya milimita, vizuri. Ikiruka, beringi zinacheza.

Kucheza si kifo. Spindo nyingi zina nati ya nyuma ya kukazia beringi, na huenda hakuna aliyeigusa kwa miaka. Kunguruma ndiko kubaya. Washa kasi ya kati, kisha ya juu, iache dakika 15 hadi 20, halafu weka kiganja juu ya kichwa karibu na chaki. Joto la mkono ni sawa; usipoweza kushikilia kiganja, kuna tatizo. Beringi inayonguruma imeshaondoka, na beringi za spindo si zile za duka la spea za magari. Zina daraja lake la usahihi, zinaagizwa, na jozi moja inaweza kubadilisha hesabu yako yote.

*Gia.* Pitia kila kasi, na ubadilishe mashine ikiwa imesimama. Sauti ya kugonga inayorudi kwa mpigo uleule kila mzunguko ni jino lililovunjika. Fungua mfuniko wa juu, zungusha kwa mkono, mulika, hesabu meno moja moja. Chovya kidole kwenye oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yaliingia, ikimetameta dhahabu, bushi za bronzi zinasagika.

*Skrubu ndefu ya kukatia uzi.* Linganisha unene wa nyuzi zake karibu na chaki na zile za mwisho upande wa mkia, ambazo karibu hazijatumika. Zikiwa zimekonda karibu na chaki, kila uzi utakaokata pale utakuwa na makosa kidogo. Funga nati ya nusu, ile inayoishika skrubu hiyo, kisha sukuma kareji mbele na nyuma uone inacheza kiasi gani. Nati ya nusu inachongeka upya. Skrubu ndefu ni taabu zaidi.

*Slaidi.* Gurudumu la kisu likizunguka robo duara kabla kisu hakijasogea, hiyo ni kawaida kwa mashine ya umri huo. Fundi anayejua hukaribia kipimo kutoka upande mmoja tu na hapati shida. Likizunguka karibu duara zima, punguza bei. Nati yake ya bronzi utaikereza mwenyewe kwenye mashine hiyohiyo.

*Mkia.* Weka ncha ya spindo na ncha ya mkia zikutane. Kupishana kushoto au kulia kunarekebishwa kwa skrubu zake. Mkia ukiwa chini kuliko spindo, nyayo zake zimeliwa, na kipande chembamba cha bati kinauinua. Mulika tundu lake la tapa ya Morse, lile la koni linaloshika drili. Likiwa limechanika, drili zitazunguka ndani na kuzidi kulichana. Pia rudisha nyuma gurudumu mpaka mwisho uone kama linaisukuma drili itoke. Lisipoisukuma, utakuwa unaigonga kila siku.

*Chaki.* Bana shafti, kisha mulika kati ya shafti na taya. Taya zilizochoka zinabana nyuma tu, mbele zimefunguka, na kipande kinatetemeka. Angalia namba 1, 2 na 3 kwenye taya na kwenye mwili wa chaki zilingane. Chaki inabadilishika, lakini jua pua ya spindo ni ya aina gani kabla hujaahidi kununua nyingine. Pua ya uzi ina tabia moja ya hatari: mashine ikirudishwa nyuma kwa kasi, chaki inaweza kujifungua ikatoka. Mwenye inveta alikumbuke hilo kila anapogusa kitufe cha kurudi.

Kata chuma mbele ya muuzaji

Akikataa usikate, umemaliza ukaguzi.

Bana shafti yako ya 40 itokeze milimita 150 bila msaada wa mkia. Punguza katikati ili zibaki kola mbili, yaani pete nene, moja karibu na chaki na moja mwisho, kila moja upana wa milimita 20 hivi. Kisha pitisha kisu kikali, mkato mwembamba, juu ya kola zote mbili bila kugusa gurudumu la slaidi. Pima kwa maikromita. Tofauti ya 0.02 ni mashine nzuri. Tofauti ya 0.05 usiihukumu haraka: kama mashine imewekwa kwenye sakafu mbovu, bedi imejikunja kama kitanda cha kamba, na ikifungwa sawasawa itanyooka. Linganisha jibu hilo na lile la kareji. Yote mawili yakiwa mabaya, ni bedi. La kola peke yake likiwa baya, huenda ni sakafu.

Kisha kata kipande kitoke kwa kisu cha kukatia. Hakuna jaribio linalofichua ulegevu kama hili. Mashine iliyoshikana inatoa utepe wa chuma na sauti moja tulivu. Iliyolegea inapiga kelele, inatetemeka na kukwaruza.

Mwisho, kata uzi. Chagua bolti unayoijua, kata uzi wake kwenye kipande chako, na ujaribu na nati ya dukani.

Hapo ndipo utagundua gia za kubadilisha zilizopotea. Uliza kila gia inayotajwa kwenye sahani ya mashine na uitazame kwa macho. Kama skrubu ndefu ni ya inchi, tafuta hasa gia ya meno 127. Inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ndiyo namba ndogo zaidi ya meno inayotafsiri inchi kuwa milimita bila kubakiza kitu. Bila hiyo, bolti za mashine za Kijapani na Kichina zitakupa shida. Kwa upande mwingine, mabomba ya maji bado ni ya inchi: nusu inchi na robo tatu zina nyuzi 14 kwa inchi, inchi moja ina 11. Karakana ya Kigoma inahitaji pande zote mbili. Na kama unataka kuchonga skrubu za presi za mawese, zile zenye uzi mpana wa mraba, soma sahani uone mashine inafika uzi mpana kiasi gani, halafu ijaribu kasi ya chini kabisa kama inazunguka bila kukwama.

Bei

Bei ya chini ya lethi yoyote ni bei yake kama chuma chakavu. Jua uzito wake, ulizia skrepa wananunua kilo kwa kiasi gani wiki hiyo, zidisha. Muuzaji anaijua hesabu hiyo na hatashuka chini yake. Bei ya juu ni ile ya mashine ya aina hiyo ikiwa kamili na inakata sawa. Wewe unabishana kati ya hizo mbili, na silaha yako ni orodha: chaki ya taya nne haipo, stedi ya kushikilia shafti ndefu haipo, ncha inayozunguka haipo, gia mbili hazipo, mota haifai kwa fezi moja. Kila kimoja kina bei yake dukani, na vikijumlishwa vinaweza kufika nusu ya bei ya mashine. Ndiyo maana yenye kabati lililojaa, hata ikiwa ghali kidogo, mara nyingi ndiyo rahisi.

Bedi mbovu isiingie kwenye orodha hiyo. Kwa bedi hakuna punguzo la kutosha. Kuisaga upya ni kazi ya kiwanda chenye mashine kubwa, na kuipeleka na kuirudisha tu kunakula faida.

Karatasi

Andikeni mkataba wa mauziano wenye jina la mashine, namba yake ya mwili na orodha ya vifaa vyote vinavyoondoka nayo, mbele ya mwanasheria au serikali ya mtaa. Namba ya mwili mara nyingi imegongwa juu ya bedi, mwisho kabisa upande wa mkia. Ikiwa imesagwa, ondoka. Mashine iliyotoka taasisi ya umma lazima iwe na hati ya mnada, na dukani dai risiti ya EFD. Barabarani utasimamishwa, na chuma kizito kisicho na karatasi kinazua maswali marefu.

Kuileta Kigoma

Lethi ni nzito juu na nyembamba chini, na uzito umekaa upande wa kichwa. Inaanguka kirahisi kuliko unavyodhani, na ikianguka haifai tena. Sogeza kareji na mkia mpaka mwisho wa bedi ili kusawazisha, zifunge, toa chaki. Ifunge kwa bolti juu ya magogo mawili mapana kabla haijaguswa na winchi. Mkanda wa kunyanyulia upite chini ya bedi. Mkanda ukigusa skrubu ndefu au fimbo za chini utazipinda, na zikipinda ndiyo basi.

Paka bedi, spindo na skrubu zote grisi nene, funga kwa nailoni, kisha turubai. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mzigo unaweza kukaa stesheni ukisubiri behewa. Lori linafika haraka zaidi na linakushushia mlangoni. Kama unaweza kuchagua, usilete kati ya Novemba na Aprili. Mvua ya njiani na unyevu wa ziwa vinaanza kula bedi kabla hujaifungua.

Kushusha bila fokolifti kunawezekana: miguu mitatu ya mabomba mazito, cheni bloku ya tani mbili, kisha mabomba ya duara chini ya magogo na watu wanne wasio na haraka. Asiwepo mtu upande ambao mashine inaweza kuangukia, hata akiwa mwenye nguvu kiasi gani. Kilo 700 hazizuiwi kwa mkono.

Kuisimamisha na mkato wa kwanza

Zege liwe na unene wa milimita 150 na likauke vya kutosha. Pima maji ya fundi ujenzi inatosha kwa kuanzia tu; kusawazisha bedi kunahitaji pima maji ya mafundi mashine, na kama huna, tumia zile kola mbili. Safisha grisi yote, jaza oili mpya kwenye kichwa na boksi la gia kwa namba iliyoandikwa kwenye sahani ya mashine, na oili chafu ya injini ibaki kwa wapaka mbao. Kata kola kama ulivyofanya kwa muuzaji. Kola ya mwisho ikiwa nene kuliko ya karibu na chaki, au nyembamba, ingiza kipande chembamba cha bati chini ya mguu mmoja wa upande wa mkia, kaza, kata tena. Mguu wa mbele na wa nyuma vinafanya kazi kinyume, kwa hiyo ukizidisha kosa, hamishia bati upande wa pili. Ni kazi ya kurudia na inachosha, lakini hapo ndipo mashine ya bei ndogo inapoanza kukata kama ya bei kubwa.

Mikono mirefu ya shati, glovu na kitambaa visikaribie chaki inayozunguka, na ufunguo wa chaki usiachwe ndani yake hata kwa sekunde. Zege jipya linashuka kidogo, kwa hiyo baada ya wiki chache rudia kola. Zikisoma sawa, pokea bushi za mashine za kukamua kwanza. Shafti ndefu za boti zisubiri mpaka umeizoea mashine inavyotetemeka na pale inapotulia.